Waya wa Pili Ulikufa Lini?

Mhadhara kuhusu hitilafu za miunganisho pacha ya Etheneti katika seva za mitandao ya simu

  

Mada niliyopewa ni pana: hitilafu za mitandao. Nitaibana. Nitazungumzia hitilafu moja tu, ambayo kila fundi wa kampuni ya simu aliyemo humu ama ameshakutana nayo au atakutana nayo. Seva inafungwa nyaya mbili za Etheneti, mmoja unakwenda swichi A na mwingine swichi B, ili mmoja ukikatika mwingine uchukue kazi papo hapo na mteja asijue lolote. Kisha siku moja waya A unakatika, na B hauchukui kitu. Huduma inalala.

Kesho yake kinaitishwa kikao, na swali la kwanza mezani huwa: kwa nini waya A ulikatika? Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na kila mara naona tunaanza na swali lisilo na uzito. Nyaya hukatika. Panya hutafuna, plagi hulegea, swichi huzimwa ili iwekewe programu mpya. Ndiyo maana tukaweka nyaya mbili. Swali lenye uzito ni hili: waya B ulikufa lini, na kwa nini hakuna aliyejua? Jioni hii nataka kulitetea swali hilo, kwa sababu naamini kazi nzima ya kutafuta hitilafu za aina hii imo ndani yake.

Tuanze na hesabu. Linki inayopatikana kwa asilimia 99.9 ya mwaka hukosekana kwa kama saa 8 na dakika 45. Ukiweka mbili zenye ubora huo huo, na kila moja ikaharibika kwa sababu zake yenyewe, uwezekano wa kuzikuta zote mbili zimelala kwa wakati mmoja ni mmoja katika milioni, yaani kama nusu dakika kwa mwaka mzima. Kipimo ambacho watu wa simu hujivunia, asilimia 99.999, kinaruhusu dakika 5 na robo hivi. Kwa hiyo, kwenye karatasi, nyaya mbili za kawaida zinatosha na kubaki. Lakini hesabu hiyo ina masharti mawili ambayo muuzaji hayasomi kwa sauti. La kwanza, kila waya uwe na balaa lake, usishiriki la mwenzake. La pili, ulioharibika ugundulike na utengenezwe haraka. Kama B ulikufa Januari na hakuna aliyejua, basi tangu Januari mnaendesha waya mmoja, na hesabu yenu ni ile ya saa 8 na dakika 45, hata kama risiti zinaonyesha mmelipia swichi mbili.

Mtu mwenye figo mbili anaweza kupoteza moja taratibu asihisi maumivu popote, kwa kuwa iliyobaki inabeba kazi yote. Hujua siku figo ya pili nayo inapougua. Mfumo wa njia mbili una tabia hiyo ya kuficha ugonjwa wa kwanza, na kadiri unavyohamisha kazi kwa ustadi ndivyo unavyouficha zaidi.

Wazee wa simu walilijua jambo hili mapema sana. Mwaka 1965, katika mji mdogo wa Succasunna, jimbo la New Jersey, Marekani, kampuni ya Bell ilianza kutumia mtambo wa simu uitwao 1ESS, ambao miunganisho yake iliongozwa na kompyuta yenye programu iliyohifadhiwa. Wabunifu wake walijiwekea lengo kwamba mtambo usilale zaidi ya saa 2 katika miaka 40. Waliweka bongo mbili. Lakini hawakuishia kuweka ya pili kando ikisubiri: zote mbili zilifanya kazi ile ile kwa pamoja, na majibu yao yakalinganishwa mfululizo, ili moja ikikosea ijulikane wakati huo huo. Katika 5ESS, uliofuata mwaka 1982, kulikuwa na mazoezi yaliyopangwa kwenye ratiba, ambapo upande wa akiba ulipokezwa kazi na kupimwa wakati simu ni chache. Yaani kugundua kifo cha upande wa akiba kulikuwa sehemu ya usanifu wa mtambo wenyewe, kwa gharama kubwa, tangu siku ya kwanza.

Etheneti ilizaliwa kwingine kabisa. Robert Metcalfe aliandika waraka wake wa kuieleza tarehe 22 Mei 1973, katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, na yeye na David Boggs wakaijenga. Ilikuwa ya ofisini: kuunganisha kompyuta za Alto zenyewe kwa zenyewe na kwa printa ya leza. Waya mmoja mnene, kila mtu anausikiliza. Kompyuta isiyopata nafasi ya kusema inangoja kidogo na kujaribu tena. Hakuna mahali katika waraka ule panaposema seva itakuwa na nyaya mbili na kwamba mmoja utalala ukingoja. Silaumu hata kidogo. Ule ni mmoja wa uvumbuzi mzuri kabisa wa karne iliyopita. Ninachosema ni kwamba mambo yote ya nyaya mbili yaliongezwa juu yake baadaye, vipande vipande: kidogo na watu wa swichi, kidogo na watu wa mifumo endeshi, kidogo na watu wa chasisi za simu. Kila tabaka likaja na maoni yake kuhusu linki iliyo hai. Na hitilafu tunayoizungumzia karibu mara zote hukaa pale maoni hayo yanapotofautiana.

Angalieni taa ya kijani kwenye poti. Tangu toleo la Etheneti la nyaya zilizosokotwa, lililosanifishwa mwaka 1990, vifaa viwili vilivyokaa kimya hutumiana mpigo mdogo wa umeme kila baada ya milisekunde 16 hivi, kuambiana kwamba vipo. Matoleo ya kasi zaidi yana njia zao za kufanya hivyo. Taa inapowaka inasema jambo moja tu: elektroniki iliyo ncha hii inaisikia elektroniki iliyo ncha ile. Haisemi kwamba fremu ikitoka hapa itafika inakotakiwa. Haijui habari za VLAN, haijui geitiwei, haijui kwamba swichi iliyo upande wa pili yenyewe imekatika na dunia. Nimeona wahandisi wenye shahada mbili wakiiamini taa hiyo kupita kiasi.

Niwape tukio moja, kwa karibu. Kampuni moja ya simu ilikuwa na seva ya kupokea na kusambaza ujumbe mfupi, inayoendeshwa na Linux, poti zake mbili zimefungwa pamoja kwa mtindo wa mmoja kubeba na mwingine kungoja. Usiku huo swichi A ilizimwa kwa kibali ili ibadilishiwe programu. Seva zote za raki hiyo zilihamia swichi B bila neno, isipokuwa hiyo moja. Kijana wa zamu akanipigia: "Mzee, linki ipo, mtandao haupo." Sijapata kuisikia hali hii ikielezwa vizuri zaidi ya hapo.

Tukaanza kuangalia. Faili la /proc/net/bonding/bond0 lilionyesha kwamba kazi imehamia eth1 (poti ya waya B), hali ya eth1 ni nzuri, kasi ni megabiti 1000, dupleksi kamili. Seva iliridhika kabisa. Ping ya kwenda geitiwei haikurudi hata moja. Katika hali kama hiyo mkono wa fundi huwashwa kuchomoa waya na kuuchomeka tena. Nikamwomba asiguse kitu, asikilize kwanza. Akafungua tcpdump kwenye eth1 akaiacha iendelee kwa dakika moja. Fremu zilikuwa zinaingia, na nyingi zilikuwa maswali ya ARP, yale ambayo kompyuta huuliza mtandao mzima nani mwenye anwani fulani. Anwani zilizokuwa zikiulizwa hazikuwa za mtandao wa ujumbe mfupi. Zilikuwa za mtandao wa usimamizi wa mitambo. Waya B ulikuwa mzima, plagi zake nzima, poti nzima, swichi nzima. Ila poti ile ya swichi B ilikuwa imewekwa kwenye VLAN nyingine, ya seva iliyokaa nafasi ile kabla ya hii. Mstari mmoja wa usanidi ulipobadilishwa, ujumbe ukaanza kupita.

Sasa rudieni swali langu. Waya B ulikufa lini? Haukufa usiku ule. Ulikuwa mfu tangu siku seva ilipofungwa. Muda wote huo haikuwapo kengele hata moja, kwa sababu Linux ilikuwa imeagizwa ikague kwa miimon tu, yaani iiulize kadi ya mtandao kila baada ya milisekunde 100: linki ipo? Na kadi ikajibu kwa uaminifu kwamba ipo.

Kuna njia nyingine ya ukaguzi, ya ARP, ambapo seva yenyewe hutuma maswali kwa anwani uliyoichagua, kwa kawaida geitiwei, na kupima uhai kwa majibu. Ni bora zaidi, lakini isomeni kwa makini kabla ya kuitegemea. Katika mtindo wa mmoja kubeba na mwingine kungoja, waya unaongoja hautumi maswali yake. Hupimwa kwa kile unachokipokea, hasa maswali ya mwenzake yanayozunguka kupitia swichi na kuufikia. Bila kuwasha kipengele cha arp_validate, fremu yoyote ngeni inayoingia huhesabiwa kuwa dalili ya uhai. Katika tukio nililowaeleza, waya B ulikuwa unapokea maswali ya ARP ya mtandao mwingine usiku na mchana. Ukaguzi wa ARP usiothibitisha ungeutangaza kuwa mzima. Na jambo la pili: ukiweka anwani moja tu ya kuulizwa, siku kifaa chenye anwani hiyo kinapozimwa, seva itadhani nyaya zake zote mbili zimekufa na kuanza kuhangaika huku na huku. Linux inakubali hadi anwani 16. Wekeni angalau mbili, zilizo kwenye vifaa tofauti.

Waliofanya kazi na seva za Netra za Sun watakumbuka kwamba Solaris ilikuwa na mpango wake, IPMP, ambapo kila poti, hata inayongoja, iliweza kupewa anwani yake ya majaribio, na programu ya in.mpathd ikatuma uchunguzi kupitia kila moja. Kwa kawaida iligundua hitilafu ndani ya sekunde 10. Wasimamizi wengi walilalamika kwamba inakula anwani, wakahamia ukaguzi wa linki peke yake kwa sababu ni rahisi. Mimi naona walitupa sehemu iliyo bora.

Utafutaji wangu, basi, huanzia upande usiobeba kazi, na huanza kwa kusikiliza. Kama waya wa akiba umefungwa kwenye mtandao ulio sahihi, ni lazima usikie kelele za majirani: ARP za mtandao wake, matangazo ya swichi. Kimya kabisa kwenye poti yenye taa ya kijani ni dalili mbaya. Kelele za mtandao usio wake ni mbaya vilevile. Baada ya hapo nasoma vihesabio kwa ethtool, mara mbili, kwa kupishanisha muda, kwa sababu namba kubwa peke yake haisemi kitu: makosa elfu moja ya CRC yanaweza kuwa ya siku waya ulipochomekwa vibaya, yakaisha palepale. Namba inayopanda kati ya usomaji wa kwanza na wa pili ndiyo ya kufuatilia. Karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi hula miguso ya plagi, namba hiyo huanza kupanda polepole kabla waya haujakatika kabisa, na mwenye kuisoma anapata nafasi ya kubadilisha waya mchana, kwa utulivu.

Tazameni pia kasi. Etheneti ya gigabiti kwa nyaya za shaba hutumia jozi zote nne zilizomo ndani ya kebo, wakati ile ya megabiti 100 hutumia mbili tu. Jozi moja kati ya zile mbili za ziada ikikatika, kadi nyingine hukataa kuwasha linki, lakini nyingine hushuka kimyakimya hadi megabiti 100 na kuendelea. Taa ni ya kijani, ping inapita. Katika mtindo wa LACP, ambao seva na swichi hukubaliana kutumia nyaya zote kwa pamoja, waya ulioshuka kasi hutengwa katika kundi lake peke yake, na kwa hiyo haubebi kitu.

Dupleksi ni kisa kingine cha siku nyingi ambacho bado kinaua. Fundi wa zamani, asiyeziamini kadi zijadiliane zenyewe, alifunga poti ya seva kwenye megabiti 100, dupleksi kamili. Swichi imeachwa ijadiliane. Kwa kuwa hakuna wa kujadiliana naye, swichi hutambua kasi lakini kuhusu dupleksi inalazimika kuchukua nusu. Upande mmoja unasema wakati wowote, mwingine unadhani ni zamu kwa zamu. Ping moja moja zinapita bila shida. Mzigo ukihamia hapo, seva inahesabu makosa ya CRC, swichi inahesabu migongano iliyochelewa, na huduma inasota. Nasisitiza kisa hiki kwa sababu waya wa akiba wa namna hiyo utafaulu mtihani wa ping kila siku ya mwaka, na utaanguka siku ya kazi. Jaribio la njia ya akiba ni lazima liwe na mzigo halisi.

Vipo vifaa vinavyosema uongo bila kukusudia. Vibadilishi vya kutoka shaba kwenda nyuzi za mwanga ni mfano mzuri: mwanga ukikatika kilomita mbili mbele, upande wa shaba unaotazama seva unaweza kubaki na taa yake ya kijani, isipokuwa kifaa kiwe na uwezo wa kupitisha habari ya kukatika na uwezo huo uwe umewashwa. Redio za maikrowevu kwenye minara yetu ya milimani nazo ni hivyo hivyo. Waya wa kutoka seva hadi redio ni mita tatu na ni mzima. Mawimbi kati ya mlima na mlima ndiyo yamepotea katika mvua. Palipo na kifaa cha namna hiyo katikati, ukaguzi wa linki peke yake haufai kitu, na ningependa kanuni hiyo iandikwe kwenye mwongozo wa kila kituo.

Kuna aina ya hitilafu inayowachanganya wengi, kwa sababu huduma inakatika wakati waya unaporudi, wala si wakati unapokatika. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa katika kampuni ya DEC, alibuni itifaki ya STP inayozuia fremu kuzunguka milele katika mtandao wenye njia zaidi ya moja. Chini ya itifaki hiyo katika umbo lake la awali, poti inayowaka haipitishi fremu mara moja: husikiliza sekunde 15, hujifunza sekunde 15, ndipo ifungue. Sasa seva yenye waya A uliopewa kipaumbele inaona taa ya A imerudi, na mara hiyo inaurudishia kazi. Kwa sekunde 30 fremu zote zinaishia kwenye poti iliyofungwa. Kwa mtu anayepakua picha ni usumbufu tu; kwa seva inayoongoza simu ni maelfu ya miito iliyokufa. Dawa inajulikana: poti zinazotazama seva zitangazwe kuwa za pembezoni ili zifunguke mara moja, au seva iagizwe kungoja kwa updelay kabla ya kuuamini waya uliorudi, au isiurudie kabisa bila sababu. Mimi hupendelea hiyo ya mwisho. Kama B unabeba vizuri, uachwe ubebe.

Kwenye chasisi za simu zenyewe, zile za ATCA ambazo kiwango chake kilipitishwa mwishoni mwa 2002, nyaya hazionekani. Kadi zinachomekwa kwenye ubao wa nyuma, na kila kadi ina njia mbili za msingi za Etheneti, moja kuelekea kadi ya swichi ya kwanza na nyingine kuelekea ya pili. Hapa kuna jambo ambalo fundi aliyezoea seva za kawaida halitarajii: meneja wa chasisi huangalia kwanza kama ncha mbili zinapatana, na asiporidhika haruhusu linki iwake. Kwa hiyo poti yenye giza inaweza kuwa nzima kabisa, imenyimwa ruhusa tu kwa sababu taarifa za kadi hazikusomwa vizuri. Kabla ya kuagiza kadi mpya kutoka ng'ambo, someni kumbukumbu za meneja huyo. Kama bado kuna shaka, hamisheni kadi kwenye nafasi nyingine na mwangalie hitilafu inakwenda wapi. Ikiifuata kadi, kadi ni mbovu. Ikibaki pale pale, chungulieni kwa tochi pini za ubao wa nyuma, maana pini iliyopinda itaharibu kila kadi mtakayoisukuma humo. Na kadi isitolewe hadi taa yake ya bluu iache kupepesa na iwake mfululizo.

Neno moja kuhusu majina. Katika Linux za zamani, ambazo bado zinaendesha mitambo mingi, mfumo uliikumbuka kila kadi ya mtandao kwa anwani yake ya kiwandani. Fundi anabadilisha ubao ulioungua, seva inawaka, na poti iliyokuwa eth0 sasa inaitwa eth2. Usanidi unaendelea kumtafuta eth0 asiyekuwapo. Waya mmoja unabeba, huduma ipo, fundi anafunga raki na kuondoka. Kifo cha njia ya akiba mara nyingi hutokea hivyo, wakati wa matengenezo, mikononi mwa mtu mwema aliyekuja kusaidia. Ndiyo maana ethtool ina amri ya kuipepesa taa ya poti unayoitaja: mmoja akae kwenye kibodi, mwingine nyuma ya raki, wahakikishe kwamba jina kwenye skrini na tundu kwenye chuma ni kitu kimoja.

Sasa nirudi kwenye lile sharti la kwanza la hesabu, kwamba kila njia iwe na balaa lake. Nyaya mbili zinazotoka kwenye kadi moja ya mtandao zitakufa pamoja na kadi hiyo. Swichi mbili zilizofungwa kwenye kikata umeme kimoja ni swichi moja. Mitambo ya simu huletewa umeme wa volti 48 hasi kwa njia mbili, A na B, na nimekuta zote mbili zimeungwa kwenye betri zile zile. Programu pia hushirikiwa. Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa masafa marefu wa AT&T ulianguka kwa saa 9, kwa sababu mitambo yake 114 ya 4ESS ilikuwa na kosa lile lile ndani ya programu ile ile: mmoja ulipojirekebisha na kuwaambia majirani kwamba umerudi, habari yenyewe iliwaangusha majirani, nao wakaangusha wengine. Mitambo yote ilikuwa na akiba zake ndani. Msiziwekee swichi A na B toleo jipya katika usiku mmoja.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna funzo letu wenyewe, la ukubwa wa bahari. Februari 2024 mikongo mitatu, SEACOM ukiwa mmoja wao, ilikatika katika Bahari ya Shamu. Data ikapita kusini, na watu wengi hapa hawakuhisi kitu. Matengenezo ya kaskazini yakachelewa. Tarehe 12 Mei mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika yote miwili karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikaporomoka Tanzania, ikasuasua Kenya, Uganda na Rwanda. Mjadala wote uliofuata ulikuwa juu ya siku ile ya Mei. Kwangu mimi tukio lilianza Februari. Kati ya Februari na Mei kulikuwa na miezi ya kufanya jambo: kukodi nafasi kwenye mkongo mwingine, kupima nini kitatokea kusini kukikatika.

Ombi langu kwa wakuu wa mitambo waliomo humu ni la kiutawala zaidi ya la kiufundi. Fundi hana mamlaka ya kuchomoa waya wa mtambo ulio hai. Akijaribu njia ya akiba na huduma ikatikisika, ataandikiwa barua. Asipojaribu na siku moja yote ikalala, hakuna wa kumlaumu. Kwa masharti hayo hakuna mwenye akili atakayejaribu. Mwondoleeni woga huo. Toeni kibali cha maandishi, cha kudumu, kwamba katika usiku uliopangwa kila robo mwaka kazi ya kila seva itahamishwa kutoka A kwenda B, ibaki huko siku kadhaa ikiwa na mzigo kamili wa mchana, kisha katika nusu nyingine ya mwaka zoezi lianzie B kwenda A. Hitilafu ikitokea usiku huo, mtu yupo, waya A upo, na kurudi ni suala la sekunde.

Katika mikataba ya kupokea mitambo mipya, msisaini mpaka mkandarasi achomoe kila waya mbele yenu, mmoja mmoja, kwa pande zote mbili, huku simu za majaribio zikiendelea, na aurudishe huku mkiangalia kama kuna kukatika wakati wa kurudi. Kisha azime swichi nzima. Kisha azime umeme wa upande mmoja. Aandike muda wa kila kuhama kwa milisekunde. Wakandarasi wengi husema zoezi hilo linachukua siku nzima, nao wanasema kweli. Lipeni siku hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Nipo tayari kwa maswali, na ningefurahi kuanza na mafundi wa zamu walioketi kule nyuma.